Kizazi Kilichoacha Kutazama Maji

Nyuma ya mlango wa nyumba tuliyokulia Mji Mkongwe, Unguja, bibi yangu aliegemeza chombo tulichokiita kipande. Kilikuwa ubao mzito wenye mpini, uso wake umelainika kwa kupigwa kwenye chokaa miaka na miaka, na sisi wajukuu tulikatazwa kukichezea. Kwa kipande ndivyo watu walivyopiga sakafu. Mtu wa pwani wa umri wangu akisikia neno sakafu haoni tu pale chini anapokanyaga. Anaona pia juu kabisa ya nyumba, pale ambapo wengine huinamisha paa la makuti au la bati na sisi tuliweka tabaka nene la chokaa, mchanga na vipande vya matumbawe juu ya boriti za mikoko, likapigwa, likapigwa, mpaka likawa jiwe moja.

Niliiona kazi hiyo mara moja tu kwa macho yangu, mwishoni mwa miaka ya 1950, nyumba ya jirani ilipofanyiwa matengenezo. Wanawake walijipanga safu juu ya nyumba, kila mmoja na kipande chake, wakapiga kwa mdundo mmoja huku wakiimba na kusogea kidogo kidogo, siku baada ya siku. Mzee mmoja, ndiye fundi mkuu, hakupiga. Alitembea na kata ya maji. Alimwaga kidogo hapa, akachuchumaa, akatazama maji yanaelekea wapi, kisha akamwaga pengine. Yaliposita, alionyesha kwa kidole na wanawake wakarudi kupiga palepale. Yalipokwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlizamu na kuangukia uchochoroni, aliinuka akasonga mbele. Sikumsikia akitaja mteremko wala kipimo. Kata ndiyo iliyokuwa kipimo chake.

Nimefanya kazi ya ujenzi kwa zaidi ya miaka 40, kuanzia kubeba zege kichwani hadi kusimamia majengo Dar es Salaam, na sasa nimekaa nyumbani. Vijana bado hunipigia simu, na siku hizi swali lao ni moja: mzee, paa bapa la zege tulilomwaga juu ya mabati ya deki linavuja, tufanyeje? Nimelijibu mara nyingi kwa maneno machache ya kiufundi. Hapa nataka kulijibu kwa urefu, maana jibu lenyewe linaanzia kwetu sisi wa rika langu. Kata ile ilifika mikononi mwetu, nasi tukaiweka chini.

Tulizaliwa karibu na mwaka 1950. Tulipofika umri wa kushika koleo, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa kimeshaanza kazi, tangu 1966, na Unguja majumba ya Michenzani yalikuwa yanapanda kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nilianzia huko, nikiwa saidia fundi. Wenzangu wataikumbuka furaha ile. Chokaa ilitaka kuchomwa tanuuni, ilazwe, ichanganywe, ipigwe kwa siku nyingi. Saruji ilifika kwenye mfuko, ikakorogwa asubuhi, na kesho yake mtu akatembea juu yake. Nyumba zilihitajika kwa maelfu na nchi ilikuwa na haraka. Haraka ile siijutii, kwa sababu niliona familia zikitoka kwenye vibanda zikiingia kwenye vyumba vyenye bomba na umeme.

Lakini ndani ya mfuko ule mlikuwa na wazo tulilolimeza bila kulitafuna, kwamba maji huzuiwa na kitu fulani na kitu hicho hununuliwa. Fundi wa sakafu alijua vizuri kwamba chokaa yake hunywa maji. Tegemeo lake lilikuwa kuyaondoa haraka, kabla hayajapata nafasi ya kupenya. Ufa mwembamba ukitokea, chokaa iliyoyeyushwa na mvua iliweza kurudi na kuuziba taratibu. Saruji ni ngumu zaidi, nayo ikipasuka imepasuka. Ilipopasuka tuliambiwa tupake lami. Lami ilipokauka na kukatikakatika juani, tukaletewa mikeka ya lami iliyozungushwa, mita 10 kila mzingo, inayochomwa kwa moto wa gesi. Zikaja dawa za kupaka kwa brashi, ikaja mikeka ya plastiki. Vyote ni vitu vizuri na nimevitumia. Ila kila kilipokuja kipya, macho yetu yalihamia kwenye karatasi ya maelekezo na kuliacha paa.

Kuna siku moja ya mwaka 1986 ambayo sijawahi kuiandika popote. Tulikuwa tumemaliza jengo la ofisi la ghorofa tatu, paa la zege. Asubuhi ya siku ya kukabidhi, nikaona doa la maji kwenye dari ya chumba cha juu, upana wa sinia, kingo zake za rangi ya chai. Nilipanda juu. Kulikuwa na dimbwi kando ya nguzo, kina chake kama kifundo cha kidole, na nilijua pale pale kwamba zege lilimwagwa bila mteremko upande ule. Kulirekebisha kulitaka wiki mbili na fedha ambazo hazikuwepo. Nikaagiza dimbwi lifagiliwe na doa lipakwe rangi ya mafuta, kisha nyeupe juu yake. Mwenye jengo alikuja saa nne, akaridhika, akatushukuru. Doa lilirudi masika, na wakati huo sisi tulikuwa kwenye kazi nyingine.

Kinachoniuma si doa. Chini yangu siku ile walikuwapo vijana wanne, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao. Walichojifunza kwangu asubuhi ile ni kwamba maji yakionekana darini, anayeitwa ni mpaka rangi. Wawili kati yao baadaye wakawa wasimamizi, nao wakawa na vijana wao.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilitukagua sote. Nilizunguka majengo mengi miezi ile, na karibu kila paa bapa nililopanda nilikuta tabaka juu ya tabaka: lami juu ya plasta, mkeka juu ya lami, dawa ya rangi ya fedha juu ya mkeka. Kila aliyekuja aliziba alipopaona pamepasuka. Watu hupenda kututajia methali ya ufa na ukuta, nami naiheshimu, lakini juu ya paa ina hatari yake. Ufa wa paa ukiuziba bila kujua maji yamekwisha kufika wapi, unayafungia ndani. Miezi ile nilikata mkeka mmoja kwa kisu, maji yakaruka kama ya dafu, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku tisa.

Mabati ya deki yalitukuta na mazoea hayo.

Kwa asiyeijua kazi hii, deki ni bati la chuma lililopakwa zinki, unene wake karibu milimita moja tu, lakini limekunjwa kuwa na matuta na mabonde yenye kina cha milimita 50 au 60. Linalazwa juu ya mihimili ya chuma, vishina vya chuma vyenye kipenyo cha milimita 19 vinachomelewa kupitia bati hadi kwenye mhimili, wavu wa nondo unatandazwa, na zege linamwagwa mpaka unene wote ufike kama milimita 130. Hakuna mbao za fomu za kubomoa baadaye. Aghalabu hakuna msitu wa mirunda chini. Bati linabeba zege likiwa bichi, na zege likikomaa, bati lilelile linageuka kuwa nondo ya chini. Ni kazi safi na ya haraka, nami sina ugomvi nayo.

Mara ya kwanza nilipopima nafasi kati ya mihimili ya deki nilisimama nikafikiri. Bila kuegemezwa, bati kama hilo huvuka karibu mita 3. Vyumba vyetu vya Mji Mkongwe na vya Lamu ni vyembamba na virefu, upana wao hauzidi sana mita 3 na mara nyingi haufiki, kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kunepa. Chuma cha leo kimerudi kwenye pima ileile ya msitu wa mikoko. Na kuvichanganya chuma na zege si jambo geni kwetu. Beit el-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilikuwa na nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma wakati babu zetu wengi hawajakiona chuma cha aina hiyo. Upande wake ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha, nilishindwa kula mchana ule.

Basi kama pima ni ileile, tofauti iko wapi? Iko katika namna ambavyo paa linakwambia kwamba linaumwa. Nyumba ya boriti haikuficha kitu. Mvua ya usiku ikipenya, alfajiri uliona duara la kahawia kwenye boriti, na tundu lilikuwa juu ya duara hilo au hatua moja kutoka hapo. Mtoto angeweza kukuonyesha. Deki inaficha. Maji yanapita kwenye mkeka palipochanika, yanashuka kwenye ufa mwembamba wa zege, yanafika kwenye bati, na hapo yanakuta mabonde yaliyonyooka kama mifereji. Yanatembea. Yanaweza kwenda mita 6 au 8 kabla hayajakuta maungio ya bati au tundu la skrubu ya kuning'inizia nyaya, yakadondoka juu ya dari ya jipsamu, yakatembea tena. Mpangaji analalamika chumba cha kaskazini, na tundu liko kusini, chini ya tangi. Nimeona mafundi wakichoma mkeka mpya mara tatu juu ya chumba kilicholalamikiwa.

Baya zaidi ni pale yasipodondoka kabisa. Yanakaa bondeni, kati ya bati na zege. Zinki ya kawaida kwenye bati hilo ni gramu 275 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, yaani unene wa upande mmoja ni mdogo kuliko wa unywele. Kwa jengo lililo karibu na bahari, na maji yakikaa humo msimu hadi msimu, hiyo si ngao ya kudumu. Na bati hili si pambo. Nimeshasema kwamba ndilo nondo. Kutu ikilila kutoka juu, ndani, pasipoonekana, anayesimama chini anaona rangi nzuri ya kijivu.

Kwa hiyo kwenye deki maji yanapaswa kushindwa mapema, kwenye mchoro, kabla fundi hajapanda ngazi. Hapa ndipo vijana wana bahati ambayo sisi hatukuwa nayo, na wengi wanaipoteza. Zamani tulimwaga zege bapa kisha tukatengeneza mteremko kwa plasta juu yake. Plasta ina uzito: kila sentimita moja ya unene ni kama kilo 20 kwa mita ya mraba. Paa la upana wa mita 12 likiinamishwa kwa plasta, upande mmoja unaweza kubeba unene wa sentimita 20 na zaidi, uzito wa watu wengi wamekaa pale daima. Chuma kinakuruhusu kuinamisha mifupa yenyewe. Inua kichwa kimoja cha mhimili, shusha kingine, laza bati likiwa limeinama, na zege litakuwa na unene mmoja kote. Haiongezi uzito na haigharimu kitu zaidi ya fikra za mchoraji. Bado naletewa michoro ambamo kila mhimili uko kwenye kimo kimoja na pembeni pameandikwa kwamba mteremko utatengenezwa na fundi.

Wataalamu wa Uingereza huandika kwamba paa bapa likiisha kujengwa liwe na mteremko usiopungua 1 kwa 80, lakini lichorwe kwa 1 kwa 40. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilitamani kumpa mkono aliyeliandika. Anajua kwamba kati ya karatasi na paa kuna mikono ya watu, kuna pimamaji iliyopinda, kuna mihimili inayonepa, na vyote hivyo vinachukua sehemu yao. Anayechora 1 kwa 80 anapata dimbwi.

Kunepa ndiko kunakosahaulika kuliko yote. Mhimili wa mita 9 ukibebeshwa zege unaweza kushuka katikati kwa milimita 20 au 25, na hilo ni halali kabisa kwa mhandisi. Nguzo haishuki. Sasa tazama michoro mingi: tundu la kushushia maji limewekwa kando ya nguzo, kwa sababu bomba linajificha vizuri pale. Yaani tundu limepandishwa kilimani na maji yameachwa bondeni. Dimbwi langu la 1986 lilikuwa kando ya nguzo kwa sababu nyingine, kwa uzembe wa kumwaga, ila nimeona mengi zaidi katikati ya mihimili, hatua nne kutoka kwenye tundu safi lililokauka.

Na dimbwi lina tabia ya kujilisha. Sentimita 10 za maji ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Uzito ule unanepesha chuma, bonde linaongezeka kina, maji zaidi yanakuja. Tarehe 4 Juni 1979, katika mji wa Kansas City huko Marekani, paa la ukumbi wa Kemper Arena lilianguka wakati wa mvua kubwa na upepo. Mabomba ya kushushia maji yalikuwa machache kwa makusudi, ili mifereji ya mji isijae ghafla, maji yakakusanyika juu, na bolti za kulining'inizia paa zilikuwa zimekwisha kuchoka. Hakuna aliyekufa, ukumbi ulikuwa hauna watu. Ndiyo maana nasisitiza tundu la pili, la dharura, lililo juu kidogo ya lile la kawaida na linalomwaga nje mahali pa wazi ambapo kila mtu atayaona maji. Wamiliki hawalipendi, wanasema linachafua ukuta. Milizamu ya Mji Mkongwe ilichafua kuta kwa karne nzima, na kila jirani alijua paa la nani lina tatizo.

Kuna jambo la subira ambalo nalo tuliwarithisha vibaya. Siku 28 ambazo kila mtu anazitaja ni za nguvu ya zege, hazisemi chochote kuhusu ukavu wake. Zege la kawaida, mbao zikitolewa, hukauka pande mbili. La deki hukauka juu tu, kwa sababu chini kuna bati ambalo halitoki tena. Ukiwahi kuchoma mkeka, umelifunga zege bichi kama nyama ya sambusa, chuma chini na lami juu. Jua la Januari likiupiga mkeka mweusi, joto lake hupita nyuzi 70, maji ya ndani hugeuka mvuke, na mkeka unaumuka kama andazi. Kipimo ni rahisi: gundisha kipande cha nailoni safi juu ya zege jioni, kingo zote zimefungwa, na kesho yake ukitazame. Ukikuta umande chini ya nailoni, ngoja. Kwetu, kati ya vuli na masika, hiyo ndiyo miezi ya kukausha. Mkandarasi anayemaliza zege mwezi wa tatu, masika ikiingia, heri angechelewa.

Mkeka wenyewe nitausema kwa kifupi, mafundi wazuri wapo. Mzingo ulalie mwenzake sentimita 10 ubavuni na 15 kichwani, lami ichuruzike kidogo kwenye maungio kuonyesha kwamba mizingo imeshikana, na ukutani upande angalau milimita 150 juu ya uso wa paa. Pale kwenye kona ya ukuta usiupinde kwa pembe kali. Mita 30 za chuma, joto likibadilika kwa nyuzi 30, hurefuka kwa kama milimita 11, na ukuta wa matofali pembeni una mwendo wake. Mkeka uliobandikwa wima kwenye kona hiyo unavutwa kila siku, asubuhi na jioni, mpaka uchoke.

Na wanaokuja baada yetu. Hapa naomba niseme kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona paa zuri likiuawa mchana mmoja. Fundi wa kiyoyozi anapanda na drili. Wa dishi la televisheni anapanda na bolti nne. Wa tangi la lita 5,000, yaani tani 5 likijaa, anaburuta miguu ya chuma juu ya mkeka mpya. Kila mmoja ni kijana mwenye kazi halali na hakuna aliyemwambia kwamba pale anapotoboa ndipo nyumba inapoishia. Nani angemwambia? Sisi hatukuwahi kukabidhi jengo pamoja na maelezo ya paa lake. Tulikabidhi funguo.

Mwaka jana mpwa wangu alinipeleka kwenye jengo moja Dar es Salaam, si mbali na bahari, kumwona mhandisi anayefanya naye kazi. Ni binti wa miaka 30 na kidogo. "Shikamoo, mzee," akanipokea, akanipa kofia ngumu, tukapanda. Paa lilikuwa limezibwa matundu yote na kujazwa maji ya kina cha sentimita 5. Lilikuwa limekaa hivyo tangu juzi yake. Alikuwa amepiga hesabu ya uzito, kilo 50 kwa mita ya mraba, kabla hajaruhusu ndoo ya kwanza. Mihimili yake ilikuwa imeinamishwa kutoka kwenye mchoro, na matundu yake ya maji yalikuwa katikati, pale mihimili inaponepa, mbali na nguzo. Chini, dari ilikuwa bado haijafungwa, na vijana wawili walitembea na tochi wakikagua kila bonde la bati.

Saa 48 zilipotimia alizibua. Maji yaliondoka kwa sauti ya koo, yakizunguka juu ya kila tundu, na paa likabaki linang'aa. Kisha likaanza kukauka, na tukaona. Karibu na jukwaa la viyoyozi palibaki dimbwi la ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Alichuchumaa, akachomeka rula. Milimita 7.

Msimamizi wa kampuni iliyoweka mkeka akasema hilo ni dogo, jua la mchana litalimaliza, na dhamana ya miaka 10 ipo palepale. Binti hakumjibu. Alitoa chaki mfukoni akalizungushia mstari dimbwi lote, taratibu, kisha akanigeukia.

"Mzee, wewe ungefanyaje?"

Nikamweleza nilichofanya mwaka 1986. Nilimweleza chote, na doa na rangi ya mafuta na vijana wanne, na hata wanawake wa sakafu na kata ya maji, msimamizi akiwa amesimama hapo anasikia. Yeye alisikiliza mpaka mwisho huku ameshika chaki. Akaniuliza, "Na wale kina bibi, maji yakisita, walikuwa wanafanya nini?" Nikamwambia walirudi kupiga palepale.

Alasiri hiyo mkeka ulikatwa, kwenye mstari wa chaki na nusu mita kuuzunguka. Zege lilisuguliwa, bonde likajazwa, na akaagiza nailoni iwekwe kila jioni mpaka umande uishe. Ilichukua siku kumi na sita. Msimamizi alinung'unika kila siku, nadhani, maana na yeye ana watu juu yake.

Vuli ilianza mwishoni mwa Oktoba. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku, nikawa macho, nimekaa kwenye kiti changu barazani. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita. Nilisikia upepo, na nyuma ya upepo maji.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa kukuamsha. Nipo juu."

"Marahaba, mwanangu. Sijalala. Yanakwenda wapi?"

Akaanza kunieleza, tundu la mashariki kwanza.